Mikono ya Kuazima

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeanza kazi. Mabega yananiuma hadi kushika kalamu ni shida, lakini nataka niandike leo leo, maana nikisubiri nitakuwa nimeshasahau jinsi nilivyoogopa.

Hapa kwetu Bugarama shule ya sekondari inajengewa bweni la wasichana. Msingi uliisha na jamvi la zege likamwagwa wakati mimi bado nauza chai na maandazi nje ya uzio. Nilikuwa nawamiminia mafundi chai huku shingo imegeukia ndani, natazama. Wiki iliyopita vibarua wawili waliacha kazi wakakimbilia duara jipya, shimo la wachimbaji wa dhahabu, upande wa Bulyanhulu. Nikamwendea Mwalimu Elieth, mkuu wa shule, nikamwomba nafasi. Akaniuliza kama naweza kubeba tofali za saruji. Nikamwambia nimewahi kubeba mtoto mgongoni na ndoo ya maji kichwani kwenye mteremko wa mto. Akacheka, akanipeleka kwa fundi mkuu.

Fundi mkuu anaitwa Telesphori, mtu wa Ushirombo. Mrefu, mvi zimeanza, shati amelifunga vifungo hadi shingoni hata juani. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaelekeza mwiko kwenye rundo la tofali. Ndiyo ikawa usaili wangu.

Nimewakuta wengine wawili wa kudumu. Salvina ndiye anayechanganya mchanga na saruji. Naye katoka Ushirombo, ana wajukuu, na chepe mkononi mwake linaonekana jepesi kama kijiko. Masele ni Msukuma wa Tinde. Alikuwa mchimbaji miaka mingi, kazi yake kufunga magogo shimoni ili kuta zisiwaangukie wenzake. Aliacha kazi hiyo mkewe alipomwambia achague shimo au yeye.

Mwalimu Elieth anataka bweni liwe tayari shule zitakapofunguliwa Januari. Wasichana wake wengi wanatoka vijiji vya mbali, na sasa wamepanga vyumba mtaani, katikati ya baa na watu wa machimbo. Wawili wameacha shule mwaka huu. Hakusema kwa nini, na sikumuuliza.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimebeba tofali. Nimebeba maji. Nimebeba tofali.

Ijumaa, 11 Oktoba

Fundi Telesphori hafundishi. Ndiyo tabia yake. Anapoanza kona anakupa mgongo, mabega yote yanafunika kazi kama mtu anayekula peke yake. Akimaliza anasogea, na unakuta kona imesimama wima, maungio yote sawa, na hujui imefikaje pale. Salvina anasema amefanya naye kazi sehemu tatu na hajamsikia hata siku moja akimwambia mtu “fanya hivi.” Anachosema ni “lete,” “ongeza,” na “toa.”

Basi nimeamua kuiba kwa macho, na jioni naandika hapa nilichoiba.

Cha leo: anajenga kona zote kwanza, halafu anavuta uzi kutoka kona hadi kona, ndipo anajaza katikati. Tofali la juu analikalisha juu ya ungio la mawili ya chini, maungio yasifuatane. Na hapigi tofali kwa bamba la mwiko. Anageuza mwiko, anagonga kwa mpini.

Jumatatu, 14 Oktoba

Boaz, mume wangu, anaendesha bodaboda kati ya hapa na Kakola. Leo amerudi kimya. Nilipombana akasema wenzake kijiweni wamemuuliza kama siku hizi mkewe ndiye anayepanda ukuta na yeye ndiye anayepika. Nikamwuliza amewajibu nini. Akasema amewaambia hakuna anayepika, tunakula mihogo mibichi. Tulicheka, ila niliona limemchoma kidogo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nina hasira, na mwandiko wangu unaonyesha.

Mchana Fundi aliitwa na kamati ya ujenzi kwenda kuangalia mbao. Uzi alikuwa ameuacha umevutwa. Udongo, maana hivyo ndivyo mafundi wanavyouita mchanganyiko wa saruji, ulikuwa tayari kwenye karai na ulikuwa unaanza kukauka. Nikachukua mwiko. Masele akanitazama, akatazama njia. Nikapanga tofali nne. Nilizigonga kwa mpini kama nilivyoona. Nikarudi nyuma nikazitazama, nikaona nimejenga.

Fundi aliporudi alisimama mbele ya zile tofali kwa muda. Halafu akaweka kiatu juu ya la kwanza akasukuma. Akasukuma na la pili, hadi la nne. Hakugomba. Akasema, “Lete maji,” akaanza upya mwenyewe, mgongo umenigeukia.

Kama zilikuwa mbaya, angeniambia ubaya wake. Mtu mwenye roho ngumu hivi sijapata kumwona.

Ijumaa, 18 Oktoba

Salvina aliona sura yangu akaniita kwenye sehemu yake. Akachota mchanga, akaubana kiganjani, akaufungua. Ulibaki donge. Akasema huu una maji yake tayari, tangu asubuhi umefunikwa, ukiumwagia maji kama wa jana utapata uji. Akanipa chepe. Akaniambia nifumbe macho nigeuze na nisikilize. Mwanzoni nilisikia chepe tu. Baadaye nikasikia kweli: ukiwa mkavu unakwaruza, ukiwa tayari unanyamaza.

Nilimwuliza yeye alifundishwa na nani. Akasema hakuna, alijifunza kwa kutukanwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza, fupi, ya kulowanisha vumbi tu. Ukuta umefika kifuani na sasa tunajengea juu ya jukwaa la mirunda. Masele alimwambia Fundi kwamba mguu mmoja wa jukwaa umekaa kwenye udongo uliofukiwa juzi, uwekewe ubao chini na ufungwe mti wa kukingama. Alisema kwa adabu. Fundi akamjibu kwamba hapa si shimoni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Fundi ameanguka.

Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi. Alikuwa juu kwenye kona ya mashariki, mimi nampandishia tofali. Nikaona mrunda ule ule unazama, polepole, kama mguu kwenye tope. Nilipiga kelele, lakini ubao ulikuwa umeshainama. Aliangukia mkono wa kulia. Haikuwa juu sana, ila sauti ya mfupa niliisikia, na bado naisikia.

Alikaa chini, uso umekuwa wa kijivu, hata kilio hakutoa. Alikuwa anautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Masele alivunja ubao mwembamba, akaufunga mkono kwa kitenge changu, haraka na vizuri, akasema shimoni amefunga mikono mingi. Nilimpigia Boaz. Alikuja upesi kuliko nilivyowahi kumwona akija kwangu. Tulimkalisha Fundi katikati, Masele akamshika kwa nyuma, wakaondoka kwenda hospitali Kahama.

Ndipo nikamwona Salvina amesimama peke yake na chepe, analia kimya kimya. Akasema mtu huyu ana nyumba ya watu Ushirombo inayomtegemea, na kitu pekee anachojua duniani kiko kwenye ule mkono.

Nimemchukia wiki nzima, na leo nimeomba rozari kwa ajili yake.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mkono umefungwa plasta ngumu hadi juu ya kiwiko. Kazi imesimama. Wajumbe wawili wa kamati wanataka kuleta mafundi wengine kutoka mjini, na mafundi hao wanakuja na vibarua wao. Yaani sisi wote tunatoka. Mwalimu Elieth amesema atatoa jibu Jumatatu. Wingu limekaa upande wa ziwa siku nzima.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tulifika asubuhi ili kuagana, tukamkuta Fundi ameshafika. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, shati limefungwa hadi shingoni, mkono mmoja wa shati umekatwa kupisha plasta. Sijui nani alimfungia vile vifungo.

Mwalimu Elieth alikuja na wale wajumbe. Fundi akainuka, akawasalimia, akaomba apewe ukuta mmoja. Wa upande wa kaskazini, usio na madirisha. Akasema ukipinda, waite watu wa mjini na yeye atawashukuru. Mjumbe mmoja akamwuliza atajengaje.

Akatugeukia sisi. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kunitazama usoni.

“Nitaazima mikono ya hawa,” akasema. “Wakikubali.”

Masele akamwambia kwamba yeye anakubali, ila jukwaa atalifunga mwenyewe, kwa namna ya shimoni. Fundi akautazama mkono wake, akasema, “Lifunge, Masele. Na mimi nionyeshe unavyofunga.”

Mwalimu Elieth akatupa wiki mbili.

Jumanne, 29 Oktoba

Asubuhi yote imekwenda kwenye jukwaa. Masele alichimbia miguu, akaweka vipande vya ubao chini ya kila mguu, akakingamisha miti, akapiga kabari kwenye maungio hadi mbao zikalia. Fundi alimfuata nyuma akiuliza hiki cha nini na kile cha nini. Mwishoni Masele alirukaruka juu yake kama ng'ombe dume. Halikutikisika. Fundi akamwambia, “Wabeja.” Kusikia asante ya Kisukuma kutoka kwa mtu wa Ushirombo, Masele alitembea amenyoosha kifua hadi jioni.

Jumatano, 30 Oktoba

Siku ya aibu. Nimepewa mwiko. Fundi amekaa nyuma yangu juu ya ndoo na hawezi kueleza.

Siyo kwamba hataki. Hana maneno. Alisema, “Weka udongo vizuri.” Nikauliza vizuri vipi. Akasema, “Vizuri, kama unavyotakiwa.” Akainuka kunionyesha, akakumbuka plasta, akakaa. Nikaweka. Akasema sivyo. Nikaweka tena. Akasema, “Sivyo, hivi,” na mkono wake mzima wa kushoto ukawa unachora hewani vitu ambavyo sikuvielewa. Hadi mchana nilikuwa nimejenga safu moja na kuibomoa mara nisizozijua, jasho na saruji vimenikaukia usoni, naye amekasirika, si kwangu, kwa ulimi wake.

Mwisho nikamwuliza unene wa ule udongo ni kama wa nini. Kama chapati? Akafikiri. Akasema hapana, chapati ni nyembamba. Kama kitumbua? Akasema kitumbua kimevimba katikati, na yeye anataka katikati pawe na bonde, ili tofali likikaa lisukume udongo uende pembeni.

“Basi ni kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole,” nikasema.

Akakibonyeza hewani kwa kidole. Halafu akasema, taratibu, “Ndiyo. Hicho hicho.”

Nikaweka kitumbua kilichobonyezwa, nikapasua bonde kwa ncha ya mwiko, nikakalisha tofali. Liliingia lenyewe na kutulia kama mtoto aliyeshiba.

Alhamisi, 31 Oktoba

Tumepata lugha. Udongo ukiwa mwepesi ni “togwa.” Ukiwa mzito ni “ugali wa msiba,” kwa sababu unapikiwa watu wengi na mtu aliyechoka. Tofali lililoinama mbele “limesujudu.” Masele kaongeza neno la shimoni: ukuta ukianza kutoka nje, anasema “unanusa.” Fundi leo alikaa juu ya ndoo yake akipaza sauti kwangu na kwa Masele, “Mama Nelly, la tatu linasujudu. Masele, kwako kunanusa,” na wanafunzi waliokuwa wanapita walisimama wakidhani tumerukwa na akili.

Jumapili, 3 Novemba

Nimekwenda kanisani na saruji chini ya kucha. Haitoki. Nelly, binti yangu, alinishika mkono wakati wa Baba Yetu akasema, “Una mikono kama ya baba.” Nilifurahi, sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Novemba

Amebomoa tena safu yangu. Lakini safari hii, kabla ya kusukuma, alininingʼinizia timazi, ile kamba yenye risasi nzito chini, akaniambia nishike kamba juu nisubiri hadi ile risasi itulie, halafu nitazame nafasi kati ya kamba na ukuta, juu na chini. Juu palikuwa pana nafasi ya kupitisha kidole. Chini kamba ilikuwa inagusa.

Akaniambia, “Zile nne za siku ile zilikuwa hivi hivi. Chini mbele ya uzi, juu nyuma yake.” Akatazama kiatu chake. “Nilipaswa kukuonyesha kabla ya kuweka mguu.”

Kisha akaniachia nisukume mwenyewe. Kubomoa kazi yako ukijua sababu ni kitu kingine kabisa. Nilibomoa nikiwa natabasamu.

Jumatatu, 11 Novemba

Ukuta wa kaskazini umesimama. Mwalimu Elieth alikuja na mjumbe yule aliyetaka watu wa mjini. Mjumbe alikuja na pima maji yake mwenyewe. Akaiweka hapa, akaiweka pale, akapanda jukwaani, akashuka. Akaniuliza ni nani aliyejenga kona ya mwisho. Nikamwambia mikono ni yangu. Akasema tuendelee.

Salvina alipiga kigelegele hadi darasa la karibu likaishia katikati ya hesabu.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua kuanzia asubuhi, tumejikinga chini ya turubai tukichoma mahindi mabichi ya sokoni, maana ya mwaka huu ndiyo kwanza yanapandwa. Masele ndiye aliyemwuliza Fundi, kwa utani, kwa nini zamani alikuwa anatunyima kona.

Fundi alikula hindi lake hadi mwisho kabla ya kujibu. Alisema alipokuwa kijana mjomba wake alimfundisha kwa fimbo, neno moja fimbo moja. Yeye akaapa hatampiga mtu, na akampata mwanafunzi, akamfundisha kwa upole kila kitu alichojua. Yule kijana alipoiva akaenda kwa tajiri aliyekuwa amempa Fundi kazi ya nyumba kubwa Ushirombo, akajinadi kwa bei ya chini. Fundi alifika asubuhi akamkuta mwanafunzi wake amevuta uzi.

Akasema tangu siku ile kila aliyesimama karibu na kona yake alimwona ana sura ya yule kijana. Salvina akamwuliza, “Na mimi je?” Akamjibu, “Wewe ulikuwa na sura ya chepe.” Tulicheka wote, hata yeye, na sikuwa najua kwamba ana pengo mbele.

Nilimwona mtu wa roho ngumu. Kumbe alikuwa mtu wa hofu.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo tumemwaga linta, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka jengo zima juu ya madirisha na kulifunga kama mshipi. Linta haimwagwi nusu. Ukianza unamaliza, la sivyo pale uliposimama ndipo jengo litakapopasukia. Wiki nzima tumemalizia kuta zile nyingine, tumekunja nondo na kufunga mbao. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuja kusaidia kupokezana karai, na Boaz naye aliegesha pikipiki akajipanga kwenye mstari bila kuniambia.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Salvina alisimama katikati ya rundo la kokoto kama bibi harusi, akigawa maji kwa kopo. Aliimba kwa Kisumbwa, lugha ya kwao, na machepe yakafuata wimbo, na wimbo ulipoharakisha tukaharakisha. Mimi nilikuwa juu na Masele tukipokea na kushindilia zege kwa fimbo ya nondo. Fundi alikuwa chini anazunguka, anagonga mbao kwa mkono wa kushoto na kusikiliza kama kuna upenyo ndani.

Tulipobakiza ukuta wa mashariki upepo ukageuka. Wingu lilikuja kutoka ziwani, jeusi, na mbele yake vumbi. Masele akapaza sauti kuuliza kama tusimame. Nilimtazama Fundi. Naye alikuwa ananitazama mimi.

“Wewe ndiye uko juu,” akasema. “Unaona nini?”

Niliangalia. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndogo, na wingu bado lilionekana mbali. Nilifikiri ule mpasuko ambao ungekaa juu ya vitanda vya wasichana miaka yote. Nikasema tuendelee, na waliobaki chini wafunike tulikopita. Fundi akageuka akarudia maneno yangu kwa sauti ya amri, kama yalivyo, bila kuongeza lake.

Basi turubai likaenda, magunia yakaenda, mifuko ya saruji iliyopasuliwa ikaenda. Vilipoisha, Salvina akavua khanga yake ya juu, akina mama waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakaingia uzioni na kutoa zao, na linta yetu ikawa imevaa maua na maandishi kama ndugu zangu siku ya posa. Matone ya kwanza yalinipiga mgongoni tukiwa kwenye karai za mwisho. Mvua ilishuka yote kwa pamoja wakati Masele anasawazisha kona. Alijilaza juu ya zege bichi, kifudifudi, akalikinga kwa kifua chake hadi tulipomrushia gunia.

Halafu hatukuwa na kazi tena. Tulikaa mvuani tukalowa. Boaz alikuwa na zege hadi kwenye nyusi. Alipanda ngazi akanifikia akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba watu wa kijiweni wanastahili kuona hili.

Jumatatu, 18 Novemba

Tumefunua. Hakuna ufa. Kwenye kona ya mashariki kumebaki alama ya vifungo vya shati la Masele. Fundi amekataza isizibwe.

Ijumaa, 22 Novemba

Boaz amepita na abiria wawili ambao safari yao haikuwa ya upande huu. Amewazungusha shuleni ili awaonyeshe.

Jumatano, 4 Desemba

Ni zamu ya Masele kufundisha. Kwenye mbao za paa, Fundi anajua mahesabu ya mwinamo, lakini Masele anajua mti. Anaugonga, anaunusa, anakuambia upande upi utapinda ukibeba uzito. Kenchi ya kwanza, ile pembetatu ya mbao inayobeba bati, walibishana asubuhi nzima, mmoja na kamba, mwingine na pua. Ya pili walibishana kidogo. Kuanzia ya tano walikuwa wanamaliziana sentensi.

Mimi nimejifunza kutotazama chini.

Ijumaa, 6 Desemba

Plasta imetolewa. Mkono wa Fundi umetoka mwembamba na mweupe wa unga, kama mguu wa kuku aliyenyonyolewa. Daktari amemkataza kunyanyua kitu kizito hadi mwaka mpya. Siku nzima aliuficha mfukoni.

Ijumaa, 20 Desemba

Bati la mwisho limepigwa. Tulikula wali na nyama ya mbuzi aliyetolewa na wazazi, na Masele akacheza ngoma ya kwao kwenye sakafu mpya hadi Salvina akamwambia aipunguzie adhabu, bado inakomaa. Tumeagana kwa ajili ya Krismasi. Lipu na rangi ya ndani tutamalizia baadaye kidogo. Fundi alinipa mkono wa kuaga, ule mwembamba. Ulikuwa na nguvu kidogo sana, na alijua kwamba nimejua.

Jumatatu, 13 Januari

Wamekuja. Magodoro vichwani, matranka, ndoo, mama zao, bibi zao, na Boaz na wenzake wote wa kijiweni wakisafirisha mizigo kutoka barabarani. Wenzake waliniamkia kwa heshima hadi nikaona aibu. Wasichana waliingia wakakimbilia madirishani, kila mmoja akitaka kitanda cha karibu na upepo. Mmoja alipiga kelele chumbani ili asikie mwangwi, basi wote wakapiga. Mwalimu Elieth alisimama mlangoni akijifanya kuwakataza. Nilimwona akifuta macho kwa ukingo wa mtandio.

Limebaki karo la kufulia nyuma ya bweni. Mabomba yalichelewa.

Ijumaa, 17 Januari

Tulikuwa tunajenga ukuta mdogo wa karo, mimi na Fundi peke yetu. Masele na Salvina wameshatangulia Tinde, ambako tumepata kazi ya ghala la mpunga. Fundi alikuja amevaa nguo za kazi. Akasema daktari amemruhusu. Akachukua mwiko, na mimi nikarudi kwenye kubeba tofali, na sikuona vibaya hata kidogo, maana niliingoja siku hii kama yeye.

Alianza kona. Hakunipa mgongo. Alijenga akisema kila anachofanya, kitumbua, bonde, gonga, hata pale ambapo sikuuliza. Lakini mkono ulikuwa haumtii. Alikuwa akigonga, tofali linakwenda mbali kidogo kuliko alivyotaka, na anagonga tena kulirudisha. Alipofika safu ya pili niliona kwa jicho tu, kabla ya timazi. Kona ilikuwa inanusa.

Nikanyamaza. Nilimpa tofali lingine. Nikajiambia ni karo tu, nani atapima karo. Nikajiambia leo ndiyo siku yake ya kwanza. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye kibaraza na madumu yao wakitutazama, na sikutaka wamwone.

Akaacha kujenga. Hakugeuka.

“Umeona?” akauliza.

“Nimeona, Fundi.”

“Tangu safu ya ngapi?”

“Ya pili.”

Akageuka sasa, na nilifikiri atakuwa amekasirika au amehuzunika. Alikuwa mtulivu. Akasema, “Mama Nelly, wewe ukinyamaza, nani ataniambia? Mkono huu haujui tena. Utajifunza upya, kama wako ulivyojifunza. Na mimi sikujifunza kwa kuonewa huruma.”

Akaninyooshea mwiko, mpini ukiwa upande wangu.

Nilitoa safu zake tatu, moja moja, kwa mkono, nikimwonyesha kila tofali lilipoanza kuacha mstari. Alisikiliza kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake. Kisha nikaanza kona upya. Aliniletea tofali, moja kwa kila safari, akilikumbatia kwa mikono yote miwili. Tukiwa katikati nikamwachia apange mbili kwenye uzi. Moja lilikaa sawa. La pili lilisujudu, akalitoa mwenyewe kabla sijasema, akacheka.

Jioni ukuta ulikuwa umekwisha. Msichana mmoja akasogea na ndoo yake ya nguo, akamwamkia Fundi, akamwuliza kama wanaweza kuanza kufua. Fundi akamwambia yeye ni saidia fundi tu, amwulize mwenye kazi, na akanionyesha kwa ule mkono mwembamba.

Msichana akanigeukia. Nikamwambia wasubiri hadi wiki ijayo, saruji bado changa, na kila asubuhi waje wanne wanisaidie kuinywesha maji, nitawaonyesha namna. Akaitikia ndiyo, akarudi kibarazani kuwaambia wenzake.

Jumamosi, 18 Januari

Asubuhi wamekuja kumi na moja.